Kengele ya Mzee Luhende

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana baiskeli zilikuwapo na mwenye nayo aliifuta vumbi kabla hajanawa uso, palikuwa na chama cha waendesha baiskeli katika mji mmoja wa Unyamwezi. Mkubwa wao aliitwa Mzee Luhende. Ndiye aliyewafundisha wote, na sheria aliwapa mbili tu. Ya kwanza: anayetangulia huwakinga wenzake upepo, na zamu hupokezana. Ya pili: kengele ikilia mara mbili huko nyuma, wote husimama, kwa kuwa kuna mtu amebaki. Mwenyewe siku zote aliendesha wa mwisho.

Uzeeni akarudi kijijini kwao, mwendo wa kilometa hamsini, na huko akafa, masika yamechachamaa. Asubuhi habari zikaingia kwa simu ya stesheni: daraja limekatika, gari halipiti, na duka la kijijini halina hata pima moja ya bafta. Maiti inangoja sanda, na wenyewe wanataka kuzika kabla jua halijachwa.

Wakatoka wanne. Mihambo, mbeba magunia, kifua kama mlango. Nyamizi, muuza nyanya, mwanamke pekee chamani. Yeye aliifunga sanda kwenye keria yake, imo ndani ya mfuko wa nailoni. Kasubi, fundi cherehani, mtu wa pumu. Na Mrisho, ambaye tangu mzee aondoke ndiye aliyekaa nyuma.

"Kasubi, wewe ungebaki," Mihambo alimwambia.

"Nibaki nishone nini? Mzee alinifundisha baiskeli nina ndevu tayari, na hakunicheka. Twende."

Wakaenda. Mvua ikaja, wakaenda. Upepo ukaja usoni, wakaenda. Zamu ya Mihambo ya kutangulia ikaisha, akakataa kupokewa. "Leo sibadilishwi," akasema. Akakinga upepo kilometa kumi, akakinga ishirini, akakinga thelathini. Walipofika mtoni maji yalikuwa ya kifuani. Mihambo akavusha baiskeli moja kichwani, akarudi. Akavusha ya pili, akarudi. Akavusha ya tatu, akarudi. Akavusha ya nne. Kisha akapanda yake, akatangulia tena.

Mbele kidogo tawi la mgunga likachana mfuko wa sanda. Nyamizi akashuka, akavua koti lake la mvua, akaizungushia sanda, akakaza kamba. Akabaki na gauni na kanga. Meno yakagongana mpaka Mihambo akayasikia.

"Dada, utaugua."

"Nitaugua kesho. Kanyaga."

Zikiwa zimebaki kilometa kumi na tano, tairi la Kasubi likapasuka. Mrisho akapiga kengele mara mbili.

Mihambo aliisikia. Nyamizi aliisikia. Mihambo akaweka mguu chini.

"Kaka Mihambo," Nyamizi akasema, "tukisimama, mzee analala bila kuzikwa."

"Na tukienda, tumeivunja sheria yake siku ya maziko yake."

Kengele ikalia tena mara mbili. Wakatazamana. Wakaenda.

Huko nyuma Mrisho alibandika kiraka, solusheni ikakataa kushika kwa maji. Akang'oa majani, akayashindilia ndani ya tairi mpaka likakaza. Pumu ikambana Kasubi, midomo ikabadilika rangi. Mrisho akamwingiza kwenye kibanda cha walinda shamba, akamkalisha wima, akamsugua mgongo mpaka pumzi ikarudi. Kisha akampandisha kwenye baiskeli, akaendesha kando yake, mkono mmoja kwenye usukani wake, mkono wa pili mgongoni kwa mwenzake, akimsukuma.

Sanda ilifika alasiri, kavu. Mzee akazikwa jua halijachwa, na Mihambo alikuwamo kaburini wakimpokea. Mrisho na Kasubi walifika magharibi, wakakuta udongo umekwishalundikwa. Mrisho, aliyempenda yule mzee kuliko baba yake, hakutia hata konzi moja.

Siku ya tatu, baada ya hitima, mjane wa mzee, Bi Zaituni, akawaita.

"Wanangu, mzee aliacha neno. Alisema: 'Baiskeli yangu na kengele yake isiuzwe. Apewe mmoja, yule atakayeendesha kama mimi siku ya kunizika. Huyo ndiye atakayewaongoza.' Haya, semeni."

Mihambo akasema, "Bila kifua changu, sanda ingefika kesho. Nilifanya zamu ya watu wanne. Anayeongoza ni anayetangulia."

Nyamizi, homa bado haijamtoka, akasema, "Wewe ulikinga upepo, mimi nilikinga sanda. Mzee alilala katika nguo kavu, nami nikaloa badala yake. Na kengele niliisikia, siwafichi. Ningeisikia tena, ningekwenda tena."

Zamu ya Mrisho ikafika. Kasubi ndiye aliyesema.

"Mimi sina dai. Ila kama napumua hapa, ni kwa sababu ya huyu."

"Ungekuwa wewe na sheria yako tu, Mrisho," Mihambo akasema, "mzee angezikwa na shuka la kitandani."

Hapo Mrisho akafungua mdomo. "Na mngekuwa nyinyi na haraka yenu tu, leo tungesoma hitima mbili."

 

Bi Zaituni akaingia uani, akaitoa baiskeli, akaisimamisha katikati yao. Akaushika usukani, hampi huyu, hampi yule, mpaka mkono ukamchoka. Mimi nilimwacha hapo, kaushika. Nimewaletea nyinyi, maana mna midomo mizuri ya kuhukumu watu mkiwa mmekaa pakavu.

Lakini kabla hamjajibu, kumbukeni kwamba atakayepewa kengele hiyo ndiye mtakayeendesha naye. Iko siku mtakuwa mmebeba sanda, na iko siku tairi litakalopasuka litakuwa lenu. Je, kati ya hao watatu, nani alistahili?