Sauti ya Kapteni Kwenye Njiapanda

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana redio zilikwishakuwako na ndege zisizo na rubani zilikwishazoea kuzurura angani kama mwewe, kikosi cha askari arobaini kilikaa juu ya kilima cha Nyangoro. Walikuwa na majeruhi wawili, gunia moja la maharage, na dawa za kubahatisha. Malori matatu yalikuwa njiani kuwaletea chakula na dawa.

Mtu wa redio alikuwa Koplo Sikudhani, mwanamke mfupi mwenye masikio makali. Nyumbani alimwacha mtoto wa miezi minne. Sasa barua zilimwambia mtoto anatembea na anavunja vikombe.

Malori yaliagizwa yasimame njiapanda, chini ya kilima, yasubiri neno la redio la kuyaambia yapinde wapi. Kulia ni kwa wenzao. Kushoto ni bondeni kwa adui.

Asubuhi hiyo redio ikaanza kunguruma. Sajini akaizaba kofi. Ikanguruma. Akaizaba la pili. Ikanguruma zaidi.

"Imekufa hii," alisema Sajini.

"Haijafa, afande." Sikudhani akahamia masafa mengine. Kimya kidogo, kisha mngurumo ukafika. Akahama tena, ukafika tena. "Redio mbovu haimfuati mtu anakohamia. Huyu ni adui, ana mtambo wa kutuziba masikio."

Mara mngurumo ukakatika. Ikasikika sauti ya mkuu wao, Kapteni Mwaluko, safi kama maji ya mtungi: "Malori, mko wapi?"

"Tunafika njiapanda, afande," lori la mbele likajibu. "Tunasubiri agizo."

Mngurumo ukarudi. Watu wote wakageuka. Kapteni Mwaluko alikuwa ameketi pale pale, kijiko cha maharage kikiwa mdomoni.

"Ile ni sauti yangu," alisema polepole.

"Wamekurekodi, afande, wakaunda maneno mapya kwa kompyuta. Sasa watawapeleka wenzetu kushoto."

"Basi waambie ni uongo."

"Sisikiki. Kelele zao zinanifunika. Lakini wakitaka kusema, lazima wanyamazishe kelele zao wenyewe. Hapo nitawafunika mimi."

"Na ndege zao? Si zinafuata mtu anayerusha mawimbi?"

"Zinafuata, afande."

Kapteni akaweka kijiko chini. "Fanya. Saibulu, wewe kimbia njiapanda, uwaambie kwa mdomo."

Saibulu alikuwa askari mrefu, mkimbiaji tangu shule. Papo hapo alikwisha kwenda.

Sikudhani akavuta waya mrefu, akaisimika antena juu ya paa la choo, mbali na mahema. Akaingia handakini, akaweka kidole kwenye kitufe. Mngurumo ukakatika, naye akabonyeza. Sauti ya uongo ikatoka imekatwa: "Pindeni ku..." Kulia ni ku. Kushoto ni ku. Kule njiapanda hawakuelewa kitu. Adui akajaribu tena, Sikudhani akabonyeza tena. Ikawa hivyo nusu saa nzima. Kidole kikafa ganzi, akabadilisha kidole. Alisikia ndege ikivuma juu yake, hakuachia kitufe.

Kisha ndege ikakilipua choo kwa bomu. Mabati yakaruka, waya ukakatika, kipande kikamchana Sikudhani bega. Sasa adui hakuwa na wa kumzuia.

"Pindeni kushoto, tafadhali," ikasema sauti, wazi kabisa.

Dereva wa lori la mbele aliitwa Chiduo. Baadaye yeye mwenyewe alimsimulia Sikudhani. Aliisikia sauti, akazima injini.

"Nenda," akasema luteni wa msafara. "Agizo si umelisikia?"

"Afande, nimemwendesha Kapteni Mwaluko miaka miwili. Neno 'tafadhali' hajawahi kuniambia hata siku moja. Siendi."

"Unakataa amri?"

"Nakataa."

Luteni akamshusha, akapanda mwenyewe, akawasha injini. Gurudumu lilikuwa limeanza kukata kushoto Saibulu alipotokea vichakani, kifua wazi, viatu mkononi, akajitupa mbele ya lori. "Kulia," alisema. Hakuwa na pumzi ya neno la pili.

Malori yakafika kilimani. Watu wakala, majeruhi wakatibiwa.

Siku ya tatu makao makuu yakatuma helikopta kuwachukua wale majeruhi wawili, na ruhusa ya likizo ya siku kumi kwa askari aliyeokoa msafara. Askari mmoja, kiti kimoja. Kapteni akawaita watatu.

"Bila mimi," alisema Sikudhani, "malori yangepinda kushoto Saibulu akiwa bado anateremka kilima. Na mimi ndiye niliyetoa damu."

"Bila mimi," alisema Chiduo, "Saibulu angekuta vumbi. Koplo alipokatikiwa na waya, nani aliyazuia malori? Na nilikataa amri, nikiwa sijui kama nitafungwa. Binti yangu anaolewa Jumamosi."

"Bila mimi," alisema Saibulu, "luteni angekuwa amekwishaingia bondeni. Wenzangu walichelewesha balaa. Mimi niliisimamisha. Na miaka miwili sijaona kwetu."

"Wewe ulitumwa," alisema Chiduo.

"Na wewe ulikaa kwenye kiti," alijibu Saibulu.

Sikudhani alimtazama Saibulu miguu iliyofungwa bandeji, akamtazama Chiduo aliyekuwa akipiga suruali yake pasi tangu alfajiri. Mtoto wake mwenyewe alimjia machoni.

Mapanga ya helikopta yakaanza kuzunguka. Rubani akaonyesha saa yake. Kapteni Mwaluko ameshika karatasi, imepigwa muhuri, na mahali pa jina pako wazi.

Enyi mnaosikia, kalamu hii hapa. Je, mngeandika jina la nani?