Kwa Nini Ukoo wa Rivkin Umebeba Jina la Bibi

Hamjambo, ndugu zangu? Waliokaa nyuma sogeeni. Mama Chausiku, hizo karanga zisubiri kidogo, naomba kimya. Haya nimeyasoma mwenyewe, neno kwa neno, siku tatu nzima, na nilipofika mwisho nilishika kichwa.

Zamani, huko Ulaya kwenye baridi kali, Wayahudi hawakuwa na majina ya ukoo. Waliitana kama sisi tu: fulani bin fulani, basi. Baba akifa, jina lake lilibaki kwa mwanawe.

Katika mji mmoja mdogo aliishi Zelig bin Hirsh. Baba yake, Hirsh, alikuwa ndiyo kwanza amezikwa, na Zelig alikuwa mtoto wake wa pekee. Mke wa Zelig aliitwa Rivka, ndiyo Rebeka kwetu. Aliuza samaki wa chumvi, na mji mzima ulimjua. Pale wanaume walishinda wakisoma Torati, wake zao ndio waliokuwa na meza sokoni. Kwa hiyo mwanaume akipita sokoni aliulizwa, "We ni wa nani?" Naye alimtaja mkewe, ijulikane ni wa meza ipi.

Siku moja likatoka tangazo la mfalme: kila Myahudi aandikishe jina la ukoo. Asiyekuwa nalo hatauza sokoni, wala watoto wake hawataoa. Watu walishtuka. Jina la ukoo ndiyo kitu gani?

"Mimi nitaandikisha la baba," Zelig akaapa. "Hana mwingine wa kumbebea jina." Njia nzima akawa anajisemea: Hirsh, Hirsh, Hirsh.

Foleni ilikuwa ndefu. Alipofika mezani, karani hakuinua hata kichwa.

"We ni wa nani?"

"Wa Rivka!" Zelig akajibu haraka, kama alivyozoea.

Karani akaandika: Rivkin. Kwa lugha yake, maana yake ni "wa Rivka".

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Hongera, bwana wa mama samaki!" akapiga kelele Motke, fundi viatu.

Zelig akaishika meza. "Hapana, mheshimiwa, nimekosea! Baba yangu ni Hirsh!"

"Nimekuuliza, umejibu. Wino wa serikali haufutwi. Mwingine!"

Akarudi nyumbani. "Rivka, nimemzika baba mara ya pili. Karani kaniuliza mimi ni wa nani, nikajibu kama sokoni."

Rivka akaacha kisu. "Umeniandika mimi?"

"Wewe."

"Na watoto?"

"Na watoto, na wajukuu, mpaka dunia iishe."

Rivka naye akashtuka, akakaa chini. Kisha akasema, "Mume wangu, miaka kumi na moja nakuambia uache kujibu kabla hujasikiliza."

Jumamosi, siku yao ya ibada, ilikuwa zamu ya Zelig kuitwa mbele Torati inaposomwa. Kule sinagogi mtu huitwa kwa jina, watu wote wakisikia. Alikaa anangoja aibu yake. Mzee Ber, aliyekuwa mwitaji, akasimama akakohoa.

"Zelig bin Hirsh!"

Zelig hakuinuka. Alidhani masikio yanamdanganya.

"Simama, wewe!" mzee Ber akafoka. "Karani ana kitabu chake, sisi tuna chetu."

Zelig akasimama, machozi mpaka kwenye ndevu. Hata Motke hakucheka.

Na tangu siku hiyo Wayahudi wengi wana majina mawili: moja la karatasi, la kuonyesha serikalini, na moja la bin, la kuitiwa kwenye Torati na kuandikwa kaburini. Ukikutana na mtu anaitwa Rivkin, ujue bibi yake alikuwa na meza sokoni.

Haya, mimi nanyanyuka, nina maharage jikoni. Nikirudi msiniite Mtungula. Hilo ni kosa la aliyeniandikia kitambulisho, na mimi wakati ule sikujua kusoma. Baba yangu aliitwa Mtengula.