Matako Ndani, Meno Nje

Paukwa!
(Pakawa!)
Wakubwa mpo?
(Tupo!)
Wadogo je?
(Tupo!)
Basi sogeeni, tusikilizane.

Hapo zamani za kale, kule nyikani, waliishi ngiri wawili, mume na mke. Mume aliitwa Kivumbi, mke aliitwa Tunu. Walikuwa na watoto wanne. Mvua zilipoanza walihamia penye majani mabichi, wakakuta shimo lililoachwa na muhanga, yule mnyama mla mchwa.

Kivumbi akalitazama. "Dogo hili! Mimi nataka jumba."

Akachimba. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Asubuhi anachimba, jioni anachimba. Akapanua vyumba, akapanua na mlango, hata nyati angepita bila kuinama.

Tunu akasema, "Mume wangu, jumba ni zuri. Lakini nani anaangalia nje?"

"Nje kuna nini? Tumalize jumba kwanza. Mengine baadaye."

Kumbe nyuma ya kilima walikuwako mbwa mwitu kumi, na mkubwa wao aliitwa Chapuchapu. Hawakuwa na nguvu za simba, hao. Hawakunguruma. Walikuwa na mbio tu. Unawaona kule mbali, unapepesa jicho, wamefika.

Asubuhi moja wakaja. Pu-pu-pu-pu-pu! Ngiri wakainua vichwa, adui huyo! Wakakimbilia shimoni, vichwa mbele, mikia juu. Watoto wakaingia. Tunu akaingia. Kivumbi akaingia wa mwisho, lakini mlango ulikuwa mpana, na mbwa watatu wakaingia naye. Wakamng'ata matakoni, ng'wa! ng'wa! Ageuke, hawezi. Chapuchapu akapenya pembeni, akamdaka kitindamimba sikio, akamburuta hadi nje.

"Mama! Mama weee!"

Tunu akatoka kama jiwe la kombeo, akampiga Chapuchapu kikumbo cha ubavu. Gubu! Sikio likachanika, mtoto akaponyoka. Papo hapo radi ikapiga, mvua ya mawe ikashuka, mbwa wakatawanyika.

Tunu akamlamba mwanawe damu.

"Leo mvua imetuokoa," akasema. "Lakini mvua haina miadi na mtu. Watarudi."

Kivumbi alikuwa amelala kifudifudi, maana kukaa hawezi. "Basi tujifunze mbio, mke wangu. Tukimbie kila siku mpaka tuwapite."

"Wale wamezaliwa na mbio. Sisi tuanze leo, wao watatukamata kesho. Hebu niambie, silaha yako iko wapi?"

"Mdomoni. Haya meno."

"Na jana ulipoingia shimoni, uliwaachia nini mlangoni?"

"Si jana, ni leo," akanung'unika Kivumbi. Kisha akageuza shingo, akayatazama matako yake. Watoto wakaangua kicheko. Naye akacheka kidogo, ikamuuma.

Siku ile ile wakaanza kazi. Mlango wakauziba kwa udongo, ukabaki mwembamba, wa kupita mmoja tu. Tunu akamwendea Yangeyange, ndege mweupe. "Ndugu yangu, panda mgongoni mwetu. Tukifukua, wadudu wako. Ukiona kitu kinakuja, piga kelele."

"Hilo jepesi, dada," akasema Yangeyange.

Kisha mazoezi ya kuingia shimoni. Watoto kwanza, halafu wakubwa kinyumenyume. Kivumbi akajigonga ukutani, akakwama, akatukana, akarudia. Tunu akawaimbisha. Semeni nami!

Matako ndani, meno nje!
(Matako ndani, meno nje!)

Siku ya tano Yangeyange akaruka juu. "Kraa! Kraa! Wanakuja!"

Pu-pu-pu-pu-pu! Mbwa wanakuja. Watoto, ndani! Tunu, ndani! Kivumbi akageuka, akarudi nyuma, kwaru kwaru, akatulia. Chapuchapu alipofika mlangoni hakukuta matako. Alikutana na meno.

Chwa! Pua ikapasuka. Akaja wa pili, chwa! Akaja wa tatu, akatazama, akasita. Walikuwa kumi, lakini mlango ulikuwa wa mmoja. Jua likapanda. Ndimi zikaning'inia. Hatimaye Chapuchapu akasema, "Twendeni zetu."

Kivumbi akafura. "Wanakimbia! Niwafuate!"

"Thubutu!" akasema Tunu. "Huko uwanjani ni kwao. Kaa hapo hapo."

Akakaa. Na kweli, mbwa wawili walikuwa wamejificha majanini, wanamngoja. Walingoja, wakachoka, wakaenda zao.

Yangeyange akarudi, akatua juu ya kichuguu. "Tokeni. Nyika ni nyeupe, hakuna mbwa."

Kivumbi akampisha, Tunu akatoka, akawahesabu wanawe. Mmoja. Wawili. Watatu. Na yule wa sikio lililochanika, wanne. Akawahesabu tena. Ndipo akalala chini kwenye matope, akashusha pumzi ndefu, hata nyasi zikainama. Kivumbi akaja akajilaza kando yake.

"Mke wangu, jumba si vyumba," akasema.

"Haya, lala," akajibu Tunu. Wakalala mchana kutwa, wala hakuna aliyeshtuka.

Tangu siku hiyo ngiri haingii shimoni kichwa mbele.

Basi, wenzangu, jueni hili: adui mwenye mbio hashindwi kwa mbio. Weka mlinzi kabla ya kujenga jumba, mvute adui mahali pako pembamba, na akikimbia, mwache aende.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyepata funzo alibebe, aliyepata usingizi alale.