Kwa Nini Mti wa Mswaki Hauna Mwenyewe

Kaeni niwasimulie, na anayetafuna kitu amalize kwanza.

Zamani sana, watu wa Nyambeho walinawa uso, waliosha miguu, walisugua vyungu hadi vikang'aa, lakini kinywa hawakukigusa. Kinywa, walisema, hujiosha chenyewe kwa mate. Nchi yao ilikuwa nchi ya asali. Mizinga ilining'inia kwenye kila mti mkubwa, na mtoto aliyesumbua wakati wa kulala alinyamazishwa kwa kipande cha sega, akalala nacho shavuni. Kijana alipofikia umri wa kuoa, nusu ya meno yake yalikuwa yamekwisha. Wazee walikunywa uji na kumumunya viazi, wala hakuna aliyeona ajabu. Jino likitoboka, walisema mdudu ameingia, na mdudu haji bila kutumwa. Basi kila palipokuwa na jino bovu, palitafutwa mchawi.

Katika nchi hiyo aliishi mfinyanzi mmoja, Kalunde, mke wa Masele mrina asali. Walikuwa na binti mmoja tu, Nshoma, wa miaka minane, mtoto wa kucheka hata na kuku. Msimu mmoja kicheko kile kikakatika. Nshoma alishika shavu, akakataa chakula, akawa anazunguka ua kama mtu aliyepoteza kitu. Siku ya tatu shavu lilivimba hadi jicho likafumba, na mwili ukawaka homa. Kalunde alijua maana yake. Mwaka uliotangulia, mtoto wa jirani alianza hivyo hivyo, na mwezi haukuandama kabla hajazikwa.

Masele hakuweza kukaa akitazama. Alikwenda na wanaume wenzake kwa Mtemi Lugusha, wakamtaja Bibi Minza. Huyu alikuwa mjane aliyeolewa kutoka upande wa pili wa mbuga ya chumvi. Wajukuu zake walikuwa na watoto, na yeye bado alivunja mifupa kwa meno yake mwenyewe, yote kamili.

"Tangu lini ajuza akawa na meno ya msichana?" Masele aliuliza. "Anayatoa kwa watoto wetu."

Mtemi, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amebakiwa na meno matatu, aliona neno hilo lina uzito. Akaamuru Minza aletwe barazani baada ya siku mbili. Akikosa la kujibu, nyumba yake ichomwe naye afukuzwe porini.

Kalunde hakungoja baraza. Kulipopambazuka alikwenda kwa yule bibi. Moyo wake ulikuwa wa hasira, lakini miguu ilikuwa ya kuomba. Alimkuta Minza nyuma ya nyumba, ameketi kigodani, mkononi ana kijiti kilichotafunwa ncha hadi ikawa nyuzi nyuzi. Alikuwa akisugua jino moja moja, nje na ndani, kisha akasukutua maji na kuyatema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama Nshoma. Umekuja kunitukana au kuniuliza?"

Kalunde alisema, "Nimekuja kwa ajili ya mwanangu. Kama ni wewe uliyemtuma mdudu, nakuomba umwite arudi. Nitakupa chochote nilicho nacho."

Minza aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha asali kilichokuwa tupu. "Hiki nilikisahau bila kukiosha tangu masika. Nusa, halafu bonyeza."

Kalunde alinusa, akakunja uso. Kilikuwa kimechacha. Alipobonyeza ubavu wa kibuyu, kidole kikazama.

"Utamu uliobaki umechacha, na uchachu umekula ganda," Minza alisema. "Kinywa nacho ni hivyo hivyo. Utamu ukilala katikati ya meno, unachacha, na uchachu unalila jino kidogo kidogo. Kwanza utaona doa. Halafu tundu. Uchungu huja mwisho, wakati kazi imekwisha kufanyika. Kwetu kila mtu husugua asubuhi, na husugua tena kabla ya kulala."

"Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia, mwaka ule nilioolewa. Mlinicheka, mkasema natafuna kuni kama mbuzi. Nikanyamaza." Minza alitazama chini. "Labda sikupaswa kunyamaza."

Kalunde alipiga magoti. "Basi nipe mti huo nikamsugue Nshoma."

"Jino lile limekwisha, mwanangu. Mti hauwezi kulifufua. Chini yake kuna usaha, na usaha huo ndio unaoua. Ling'olewe leo hii, usaha utoke, kisha asukutue maji ya chumvi mara kwa mara. Mti ni kwa ajili ya yale yaliyobaki."

Wakamwita mhunzi. Alikuja na koleo yake ndogo, akaipitisha motoni, akaiacha ipoe. Kalunde alimpakata mwanawe, Minza akakishika kichwa, mhunzi akavuta. Nshoma alipiga yowe moja lililowatoa watu majumbani, na usaha ukafuata pamoja na damu. Adhuhuri homa ilianza kushuka. Jua lilipokuwa linazama, mtoto aliomba uji. Kalunde alilia hapo kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze. Kisha aliliokota lile jino, akalifunga kwenye jani.

Siku ya baraza Minza aliketishwa peke yake katikati, na watu wakakaa mbali naye. Siku zile mwanamke hakusimama mbele ya mtemi, mumewe alimsemea. Kalunde alisimama. Masele alimvuta upindo wa nguo, lakini alijinasua akaenda mbele.

"Mtemi, mwasema mdudu yumo ndani ya jino. Jino la mwanangu hili hapa. Tumtafute."

Aliliweka juu ya jiwe la kusagia, akalipasua kwa jiwe jingine. Watu walisogea, hata waliokuwa wakiogopa. Ndani mlikuwa na weusi laini, wenye harufu ya kibuyu kilichochacha. Kalunde alipekua kwa mwiba kila kipande. Hakukuwa na mdudu, wala njia ya mdudu.

"Amekimbia," mzee mmoja alisema.

"Kwa miguu ipi?" mhunzi alimjibu, na watu wakacheka. Kicheko hicho kilimwokoa Minza kuliko hoja yoyote.

Mtemi alijishika shavu, akafikiri sana. Mwisho alisema, "Aachwe hadi mavuno ya asali yajayo. Nyumba saba za upande wa Kalunde, watoto wasugue kama mgeni wetu anavyofundisha. Wengine wakae kama walivyozoea. Halafu nitatazama vinywa."

Mwaka huo haukuwa mwepesi. Kila asubuhi Kalunde alizipitia nyumba zile saba na vijiti mkononi. Watoto walilalamika kuwa mti unawasha ulimi. Wengine walivitupa vijiti nyuma ya ghala akavifuata. Aliwakataza kulala na sega shavuni. Asali waile pamoja na chakula, kisha wasukutue. Wanawake wenzake walimwita mama wa mbuzi. Nyumbani Masele alikataa kijiti, hadi asubuhi moja Kalunde alipomkuta amejificha nyuma ya zizi, anasugua.

Mavuno yalipofika, mtemi aliketi juani na watoto wakapita mbele yake mmoja mmoja, vinywa wazi. Katika zile nyumba saba hakuona tundu jipya hata moja. Madoa madogo ya mwaka uliopita yalikuwa palepale, hayakuongezeka. Katika nyumba nyingine alihesabu watoto tisa wenye matundu mapya, na mmoja aliletwa mgongoni, shavu limevimba. Mhunzi alimchukua huyo papo hapo, naye akapona.

Masele alikwenda mbele ya watu wote akapiga magoti. "Bibi, nilikuita mchawi na mwanangu yuko hai kwa sababu yako. Nitoze utakacho."

Mtemi akaongeza, "Sheria inampa aliyesingiziwa ng'ombe sita. Chagua zizini kwangu."

Bibi Minza alitoa kijiti chake upindoni, akakiinua watu wakione.

"Ng'ombe atakufa," alisema. "Mimi nataka mti. Huu mti wa kusugulia usiwe na mwenyewe. Ukiota katika shamba la mtu, shamba ni lake, mti si wake. Anayetaka kijiti akate. Asiombe, asilipe, asiulizwe ametoka wapi. Na asiyejua kusugua afundishwe, asichekwe."

Mtemi alisimama, akaliapia neno hilo mbele ya nchi nzima.

Na tangu siku hiyo mti wa mswaki hauna mwenyewe. Hata leo ukipita njiani ukauona katika shamba la mtu usiyemjua, ingia ukate. Mwenye shamba akikuona hatakupigia kelele. Atanyoosha mgongo, aegemee jembe lake, akuambie, "Kata na wa mtoto."