Jiko Lililopanda Boti

Hapo zamani, si zamani sana, maana injini za boti zilikuwapo na uchoyo ulikuwapo, Mzee Mafuru alikuwa na boti ya mbao iliyovusha watu ziwani kwenda kisiwani. Safari ilianza asubuhi ikaisha alasiri, na abiria walishuka wamenuna kwa njaa, kwa sababu Mzee alikataza moto. Aliipenda boti ile kuliko alivyowapenda wakwe zake, na waliowajua wakwe zake hawakumlaumu.

Nyasatu alikuwa mchoma samaki. Meza yake pale mwaloni, boti zinapotia nanga, ilivunjwa kupisha choo cha kulipia, akabaki na watoto wanne na jiko la mkaa la bati, la bei ya chini, miguu mitatu. Hakuwa na mahali pengine pa kuuzia. Akamwendea Mzee.

"Shikamoo, baba. Naomba nichome samaki botini."

"Marahaba, binti yangu. Unataka kuniunguza?" Mzee akafikiri. Alikuwa na njaa yeye pia. "Haya, sikilizeni wote. Atakayewezesha sato kuiva humu bila kuniunguzia ubao, nitampa nafasi ya kuuza chakula. Nafasi ni moja, mtu ni mmoja."

Nyasatu akakata miguu ya jiko, akalikalisha ndani ya beseni la chuma lililojaa mchanga. Ubao haukuungua. Lakini wimbi likaja, jiko likainama, sato wawili wakarudi ziwani nusu wabichi. Siku ile sato hawakuiva.

Akaja Magesa, fundi wa kuchomelea vyuma. Akalitundika jiko pamoja na beseni lake kwa minyororo mitatu, kwenye bomba linaloshikilia turubai la kivuli. Boti ikilala kushoto, jiko limetulia. Boti ikilala kulia, jiko limetulia. Lakini upepo ukaja, cheche zikarukia upande wa dumu la petroli, abiria wakalimwagia jiko maji huku wakipiga mayowe. Siku ile pia sato hawakuiva.

Akaja Bwire, mshika usukani. "Upepo niachieni mimi," akasema. Cheche zikielekea kwenye dumu, anageuza boti. Moshi ukimfuata Mzee kwenye kiti chake cha plastiki, anageuza boti. Akageuza, akageuza, na sato wakaiva, ngozi imekauka vizuri, mafuta yanadondoka. Abiria wakala, wakanyonya hadi miiba. Mzee Mafuru alikula watatu, akasema ni ukaguzi.

Boti ikafika nchi kavu. Ndipo walipotazama wakaona kwamba kisiwa sicho.

Abiria hawakulalamika. Mmoja aliuliza tu kama wakati wa kurudi kutakuwa na pilipili.

"Nafasi ni yangu," akasema Nyasatu. "Wazo langu, jiko langu, mchanga nimeuchota kwa mikono hii."

"Mchanga haukuzuia samaki wasiogelee," akasema Magesa. "Dada, bila minyororo yangu ungekuwa unalisha ziwa. Nafasi ni yangu, mke wangu atauza."

"Na bila mimi mngeungua wote na minyororo yenu," akasema Bwire. "Nimepoteza njia, mimi niliyezaliwa ziwa hili, kwa ajili ya samaki wenu! Nafasi ni yangu, mama yangu anajua kupika."

Mzee Mafuru akafuta midomo. "Kwa kweli," akasema, "nisingekataza moto, nani angejisumbua kubuni haya yote? Nafikiri nafasi inabaki kwangu."

Kusikia hivyo, Magesa akafungua minyororo yake. Bwire akaachia usukani, akashuka. Nyasatu akabeba beseni, jiko likiwa bado lina moto. Mzee akabaki ameshika sato mbichi, wa nne.

Magesa ana karakana yake ya kurudia. Bwire ana usukani, hakuna mwingine anayeujua. Nyasatu alisimama ufukweni kwenye kisiwa asichokijua, mikono inamuungua, na hakuona pa kulitua jiko lile. Niliposimuliwa hapo niliumia, sifichi.

Lakini msiniletee huruma tupu, wasikilizaji wangu. Mzee hakusema atampa mwenye shida, alisema atampa aliyewezesha. Basi ninyi mnaomeza mate hapo, niambieni: sato wale waliivishwa na nani, na nafasi ile apewe nani?