Mayai Tisini na Sita na Paneli za Barabarani

Hapo zamani, si zile za babu zetu bali za juzijuzi, watu walipoanza kufungiwa paneli za jua juu ya bati, kikundi cha akina mama wa kijiji kimoja kilipata mashine ya kutotolesha vifaranga. Wakamkabidhi Nyamizi aitunze, maana mumewe, Mihayo, alikuwa anawekewa umeme wa jua nyumbani kwake. Kila mama akaleta mayai ya kuku wake bora. Yakatimia tisini na sita.

Fundi Lubasha akaja. Fundi hasa, hakupanda ngazi kabla ya kuuliza. Akafungua daftari.

"Mama, mtawasha nini?"

"Taa nne na redio."

"Na nini tena?"

"Taa nne na redio."

"Hakuna kingine kabisa?"

"Fundi, umekuja na sensa?"

Mashine ilikuwa stoo, imefunikwa kanga. Kwao Nyamizi, mayai yanayoatamiwa hayatajwi mbele ya mgeni, yataviza.

Lubasha akazunguka nyumba. "Paneli ziende nyuma, kaskazini. Mwezi huu wa sita jua linapita huko. Mbele kuna kivuli cha mwarobaini."

Mihayo akamtazama kama aliyetukanwa. "Nyuma ataziona nani, mbuzi? Weka mbele, barabarani, watu wajue hapa pana nyumba!"

Lubasha akakuna kichwa. Akaziweka mbele. Alipoondoka tu, Nyamizi akayapanga mayai ndani ya mashine na kuiwasha.

Siku ya saba akarudi kukagua, kama alivyoahidi. Mihayo akamdaka mlangoni. "Taa zinawaka, fundi. Karibu chai." Fundi akanywa chai, akala viazi, akashukuru, akaondoka. Betri hakuiona hata kwa mbali.

Taa ziliwaka kweli. Ila kila alfajiri betri ilikuwa imekwisha na mashine imepoa. Nyamizi akiishika, baridi. Mchana ikipata moto, naye akijipa moyo.

Siku ya ishirini na moja akina mama wakaja na vikapu vilivyotandikwa nyasi laini. Wakafungua mashine. Kifaranga hakutoka hata mmoja. Ilitoka harufu. Mihayo na fundi wakaitwa.

Mama Kabula, mwenyekiti, akahamia upande unakotoka upepo, kisha akahukumu: "Mwenye kosa atavunja yote tisini na sita, moja moja, na pua haizibwi. Akiwa Nyamizi, mashine inahamia kwangu leo hii."

Nyamizi akaikumbatia mashine. "Mwanangu huyu haendi popote! Nilificha, ndiyo. Lakini paneli zingekaa juani, mashine ingewaka na siri yangu ingebaki siri. Muulizeni mume wangu, Baba Wande, na barabara yake."

Mihayo akaruka. "Mimi? Mimi ni mtu wa kawaida, najua nini kuhusu jua? Mgonjwa akimwambia daktari amchome sindano ya kisogo, daktari anachoma? Fundi alijua, akatii. Basi alisomea nini?"

Lubasha akafungua daftari lake. "Someni wenyewe: taa nne, redio. Kwa taa nne na redio, hata kivulini zinatosha! Niliuliza mara tatu, shemeji akaniita mtu wa sensa. Na siku ya saba nilikuja."

"Ulikuja kula viazi," akasema Nyamizi.

"Nani alinikaribisha?"

"Nani alikulazimisha?" akasema Mihayo.

Hapo akina mama wakagawanyika. Wa kushoto wakasema, mwenye kuficha. Wa kulia wakasema, mwenye kujionyesha. Waliokaa katikati wakasema, mwenye kujua akanyamaza. Na mmoja akaongeza kwamba viazi vile vilikuwa vyake.

Mama Kabula akalitoa yai la kwanza kwa vidole viwili, akalinyoosha mbele yake. Wote watatu wakarudi nyuma hatua moja.

Nanyi mnaonisikiliza, acheni kucheka. Jua ni kali na yai limeanza kupata ufa. Semeni upesi: nani alistahili kulipokea?