Jina Lililotoka Kinywani mwa Sultani

Hapo zamani, mto ulipokuwa bado haujahama mkondo wake, palikuwa na kijiji kidogo ukingoni kisicho na jina. Wenyeji walikiita "kwetu", basi. Humo alikaa Komora mvushaji, fukara wa kutupwa, mwenye mtumbwi mmoja na kikoi kimoja. Watu walimdhania punguani, maana kila aliloambiwa alilishika vile vile lilivyosemwa.

Siku moja Sultani Zahidi wa ng'ambo alikuja kutembea na waziri wake, akala wali wao mpya, akauona udongo wao mweusi, ukamwingia moyoni.

"Kijiji hiki chaitwaje?"

"Hakina jina, maulana."

"Basi si kijiji, ni pori, na pori ni langu. Nitapanda miwa. Ijumaa nisimkute mtu."

Wanawake wakaangua kilio. Komora akapiga magoti, kwani wazazi wake walizikwa pale. "Maulana, tupe jina wewe."

Sultani akacheka. "Vyema. Neno nitakalolipigia ukelele mara tatu mbele ya watu wote, hilo ndilo jina lenu, na ardhi itakuwa yenu. Lakini mimi, mwana wa masultani, sijapata kupiga ukelele."

"Tumesikia," akanena Komora.

Ikawa alasiri Sultani ataka kurudi. Mtumbwi ulikuwa wa abiria mmoja, basi akatangulia yeye, waziri akabaki ukingoni na wanakijiji. Katikati ya mto Komora akasema, "Maulana, mtumbwi waingiza maji. Simama kidogo kwenye fungu hili la mchanga, niyamwage."

Sultani akashuka. Komora akawa anamwaga maji, huku mtumbwi ukirudi kijijini polepole, akaufunga, akaketi.

Punde kiboko akaibuka karibu na fungu, akapiga mwayo.

"Nivushe!" akaita Sultani.

Komora akatega sikio.

"Nivushe!"

Kiboko akasogea, Sultani akarudi nyuma hata akaingia majini.

"We Komora! Nivusheee!"

Hapo Komora akapiga kafi mbio, akamleta ukingoni, joho limelowa chapachapa.

"Nitakukata kichwa!" akafoka Sultani.

"Hewala, maulana. Lakini jina umekwisha kutupa. Mara tatu, mbele ya watu wote."

Sultani akamgeukia waziri. Waziri alikuwa ameuma ncha ya kilemba asicheke, mabega yakimtetema. Sultani akajaribu kukunja uso, ukamshinda. Akacheka hata akaketi matopeni. Akawaachia watu wa Nivushe ardhi yao, akamvika Komora joho lile lile bichi.

Kisha akasema, "Haya, nirudishe kwangu."

"Kwa sauti ya chini, maulana," akajibu Komora akishika kafi, "tusije tukapata jina la pili."